Kwaya ya Krismasi Inapokwenda Safari

Mama mmoja wa Kanoni, wilayani Karagwe, ameniletea barua yenye kurasa nne, na kwa kuwa jambo analoliuliza huzifikia nyumba nyingi kila Desemba, nimeona nimjibu hapa mbele ya wasomaji wote. Binti yake wa miaka 16 ni mwimbaji wa kwaya ya vijana. Kwaya hiyo ina magitaa mawili, kinanda cha umeme, ngoma za kizungu na vipaza sauti, na kila mwaka, tangu siku chache kabla ya Krismasi hata baada ya Mwaka Mpya, huzunguka vijijini ikiimba, leo hapa, kesho kule, hadi kuingia Kyerwa, ile wilaya iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwaka jana gari lao lilikwama matopeni usiku wa manane. Watoto walifika nyumbani asubuhi, wamelowa, na usiku ule wote hapakuwa na mzazi hata mmoja aliyejua walipo. Tangu hapo baba wa nyumba ameapa kwamba binti hatakwenda tena, na sababu anayoitoa ni fupi: muziki wa magitaa ni disko, na disko halitakuwa ibada hata likivikwa joho. Binti amekonda kwa majonzi. Mama anauliza, je, amtetee mtoto au amtii mume?

Nitaanza na magitaa, maana ndiyo yanayoshitakiwa, ingawa kwa maoni yangu ndiyo yenye hatia ndogo kuliko yote.

Mzozo juu ya chombo gani kiingie kanisani ni mzee kuliko sisi sote tunaoishi Kagera leo. Wamisionari walipofika nchi hii, wa Katoliki wakianzia Kashozi mwaka 1892 na wa Kilutheri wakifuata baadaye, walikuja na nyimbo za kwao na sauti za kwao, na ngoma wakaiacha nje ya mlango, kwani waliihesabu kuwa ni mwenzi wa pombe na matambiko. Uamsho uliochipuka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipotufikia, waliookoka walikuwa wakali zaidi ya wamisionari wenyewe: walitupa rubisi na ngoma kwa mkono mmoja. Hata hivyo wimbo wao mkuu, Tukutendereza, ulivuka mipaka ya nchi tatu ukiwa katika Kiganda, bila ya kitabu wala kinanda, kwa vinywa vya watu tu.

Kisha mambo yakageuka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana kati ya 1962 na 1965, uliwafungulia Wakatoliki mlango wa lugha zao na ngoma zao. Upande wa Walutheri, mwaka 1966 mwanafunzi wa chuo cha Makumira, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa sauti ya kienyeji. Wimbo huo leo umo katika kitabu rasmi cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Napenda sana habari hii. Sauti za namna ile ile zilizoambiwa zibaki nje ya mlango huku kwetu, sasa zinaimbwa na wajukuu wa wale wale waliozizuia, tena kwa furaha.

Basi, ngoma iliyofukuzwa imerudi, na zamu ya kushitakiwa imelifikia gitaa. Mwambie baba kwa upole, mama yangu, kwamba hata enanga, ambayo wazee wa Buhaya na Karagwe waliizunguka usiku kucha kusikiliza habari za mashujaa, ni chombo cha nyuzi. Sijasikia nyuzi hizo zikiitwa disko. Jambo moja tu nakubaliana naye: vipaza sauti vikifunguliwa hata masikio ya wazee yakauma, na maneno ya wimbo yasisikike, hapo kwaya imejinyima yenyewe. Lakini hilo ni la kumwambia fundi mitambo apunguze, wala si la kumfungia mtoto ndani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni la fedha na la barabara.

Safari za muziki wa Krismasi ziko duniani kote. Huko Marekani wamo ndugu wawili waliozaliwa Australia, wenye bendi iitwayo for KING & COUNTRY, ambao mwaka 2020 walitoa albamu ya Krismasi, na mwisho wa mwaka huizungusha miji kwa ngoma na taa nyingi. Huko mtu hununua tikiti na kuketi kwenye kiti chenye namba, na ndani ya bei ya tikiti hiyo dereva, fundi, basi na kitanda cha mwimbaji vimekwisha kulipiwa. Hapa kwetu pia, katika miaka ya 2010, Tamasha la Krismasi lililoandaliwa na Msama Promotions ya Dar es Salaam liliwakusanya waimbaji wenye majina makubwa na kuwapeleka mikoani, watu wakilipa kiingilio mlangoni. Ni biashara, na sina ubaya nayo. Biashara ikiwa na kiingilio, ina hesabu, na yuko mtu wa kuulizwa.

Lakini ni nani alipiaye safari ya kwaya ya vijana wa Kanoni? Kanisani hapauzwi tikiti. Panapitishwa kikapu, na kikapu cha kijijini mwezi wa Desemba, kahawa ilikwisha kuuzwa zamani na ada za shule ziko mlangoni, hakiwezi kukodi lori. Kwa hiyo walipao ni wazazi. Mama huyu ameniandikia orodha, nami naifupisha: kitambaa cha sare na ushonaji wake, mchango wa gari, mchango wa mafuta ya jenereta kwa vijiji ambavyo umeme haujafika, kodi ya vipaza sauti, na tena fedha kidogo mkononi mwa mtoto kwa ajili ya dharura. Katika kijiji kinachoipokea kwaya, akina mama wa huko hukata mikungu ya ndizi, hupika maharage, na ikiwa msimu wa senene umekuwa mwema hutoa na senene, kwa vijana thelathini au arobaini wenye njaa ya safari. Hakuna anayeyaandika hayo popote. Tamasha zima limesimama juu ya mafiga ya akina mama, na tangazo la tamasha humtaja mpiga gitaa.

Silalamiki kwamba hutolewa. Nasikitika kwamba hakuna anayesomewa hesabu. Mwenye kuchangia mara nne kwa mwaka anayo haki ya kusimama katika mkutano na kuuliza gari lilikodiwa kwa kiasi gani, ni la nani, na dereva alilala saa ngapi kabla ya kushika usukani.

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mwezi wa Mei 2011 waimbaji wa Ambassadors of Christ, kwaya ya Waadventista iliyoanzishwa Kigali mwaka 1995, ile ambayo wimbo wake Kwetu Pazuri unajulikana hata na watoto wa kwetu, walikuwa wakirejea Rwanda kutoka ziara ya kuimba Tanzania. Walipata ajali ndani ya nchi yetu, na waimbaji watatu wakafariki. Hao walikuwa watu wazima, kwaya yenye jina na utaratibu, na bado barabara iliwachukua. Ni nani basi awezaye kusema kwamba vijana wa miaka 16, waliosimama nyuma ya lori pamoja na jenereta na maspika, watalindwa na nyimbo zao tu?

Na Desemba ya Karagwe tunaijua. Ni mwezi wa mvua, udongo mwekundu umegeuka sabuni, na barabara za vijijini hupanda kilima na kushuka kingine pasipo mahali palipo sawa. Lami imefika, lakini lori la kwaya haliendi kwenye lami tu. Linakwenda huko ndani ambako watu hawajaiona bendi mwaka mzima, na hiyo ndiyo sifa yake. Kwa miaka mingi Serikali iliyakataza mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha kwa ajili ya ajali, na katazo hilo likaja kuondolewa mwaka 2023. Wakati wote wa katazo malori ya kukodi yaliendelea kubeba kwaya, timu za mpira na maharusi usiku, kwa sababu hayakuhesabiwa kuwa mabasi. Mwili wa mtu ni ule ule, awe ndani ya basi au juu ya lori.

Kwa hiyo, mama wa Kanoni, sikushauri umzuie binti. Kwaya kwake si magitaa peke yake. Wenzake wale ndio huja kuimba nyumba inapofiwa, ndio hubeba maji mmoja wao akiugua, ndio humsindikiza mwenzao siku ya ndoa. Ukimtoa humo, umemtoa katika jumuiya yake, na mtoto wa miaka 16 aliyetolewa katika jumuiya njema hutafuta nyingine upesi. Nakushauri umzuie dereva. Kwaya inayoimba jioni kijiji cha mbali na ilale huko huko, katika nyumba za waumini, wasichana wakiwa pamoja na mama mmoja au wawili wanaojulikana kwa majina na wazazi wote. Safari iwe ya mchana. Vyombo vipande gari lao, na watu lao; ikiwa fedha haitoshi magari mawili, vijiji vipunguzwe. Sioni aibu katika kuzunguka vijiji vinne badala ya tisa. Na mtu mmoja kwenye msafara awe na namba za simu za wazazi, ili gari likikwama saa nane za usiku, ijulikane limekwama wapi.

Limebaki swali lako la kumtetea mtoto au kumtii mume. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kuna sentensi moja uliyoiandika kama kwa kupita tu: kwamba usiku ule baba hakulala, alikaa nje chini ya upenu na tochi mkononi hadi kulipopambazuka, na watoto walipofika hakusema neno, akaingia ndani. Wewe umeichukua kuwa hasira. Mimi nadhani mtu huyu aliogopa kama hajapata kuogopa, na kwa kuwa wanaume wetu hawakufundishwa kusema "niliogopa", amelitafuta gitaa akaliwekea lawama. Ukienda kubishana naye juu ya gitaa, mtabishana hadi Pasaka. Zungumza naye habari za usiku ule. Kisha mwombe aende kwenye mkutano wa kwaya, ule unaopanga safari kabla gari halijakodiwa, aulize maswali yake yote mbele ya mwalimu wa kwaya na mweka hazina. Wazazi wengine watamshukuru, kwani nao walikesha.

Na ikiwa watasema hawana mzazi mwanamume wa kusafiri na vijana, basi ajitolee yeye mwenyewe, akae mbele karibu na dereva. Huenda akayazoea magitaa njiani, huenda asiyazoee. Achukue koti zito na mablanketi mawili, moja lake na moja la binti, maana milima ya Karagwe haina huruma na mtu usiku wa Desemba.