Kimya Si Utawa

Wako watu wasomao habari za Ubuddha juujuu, kisha hutoa hukumu kwamba dini hiyo yafundisha kufumba kinywa. Mwenye hekima, wasema, huketi kama jiwe; dhuluma hupita mbele yake naye asitikisike. Hukumu hii ni batili, na madhara yake ni makubwa, maana humvika mwoga joho la mtawa.

Ushahidi umo katika vitabu vya kale vya lugha ya Kipali. Yasimuliwa kwamba watawa kadhaa wa nchi ya Kosala waliishi pamoja miezi 3 ya mvua bila kusemezana, ili wasigombane. Walipomweleza Buddha jinsi walivyostarehe, aliwakaripia kwamba wameishi kama mifugo. Akaamuru kuwa mwisho wa majira hayo kila mtawa awaombe wenziwe wamtajie kosa lake, waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku. Desturi hiyo, iitwayo pavarana, ingali hai hata leo.

Potaliya naye alishikilia mbele ya Buddha kwamba mtu bora ni yule asiyemlaumu mwovu wala kumsifu mwema. Buddha alimpinga. Bora, alisema, ni amlaumuye astahiliye lawama na amsifuye astahiliye sifa, kwa kweli na kwa wakati wake.

Mpinzani atauliza: mbona basi dini hiyo hukataza maneno makali? Naam, hukataza mambo manne: uongo, fitina, ukali na porojo. Lakini ukali si sawa na uchungu. Mwanamfalme Abhaya alipomwendea Buddha kwa swali la mtego juu ya jambo hili, aliulizwa angefanya nini kama mtoto wake mchanga angetia kokoto kinywani. Alijibu kuwa angelitoa, hata kama damu ingetoka, kwa sababu amhurumia. Neno la kweli lenye manufaa ni vivyo hivyo: laweza kumuuma alisikiaye, na lisemwe kwa huruma.

Sasa tutazame mambo ya kila siku. Mwenzetu asingiziwapo barazani hali hayupo, twatazama chini. Mizani ya muuza duka ipunjapo maskini, twalipa tukaenda zetu. Karani mdogo abebeshwapo kosa la mkubwa wake, twasema hayatuhusu. Kisha twaviita vimya hivi upole. Ni upole kwa nani? Aliyesingiziwa, aliyepunjwa na aliyeonewa hawakuuonja hata kidogo. Faida yote ni yetu tulionyamaza.

Asemaye na ajiulize: neno hili ni kweli? Lafaa? Wakati wake umefika? Nalisema kwa nia njema? Maswali haya yaliwekwa kumwongoza msemaji, hayakuwekwa kumpa mwoga udhuru. Na ajihadhari zaidi na swali la wakati, kwani wako waliojibu kwamba bado, wakangoja, hata aliyedhulumiwa akazikwa.