Saa ya Dini Ikifika, Huyu Mtoto Aende Wapi?

Toka Msikiti wa Jamia hadi Kanisa la Familia Takatifu, katikati ya jiji la Nairobi, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Waumini wa huku na wa kule hupishana njiani, wakaamkiana, kila mmoja akaenda zake. Ingekuwa vyema lau darasani nako mambo yangekuwa mepesi namna hiyo.

Katika shule zetu za msingi somo la dini lipo kwa sura tatu: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Katika mtihani wa K.C.P.E., uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, maswali 30 ya karatasi ya Masomo ya Jamii yalikuwa ya dini, na kila mtoto akijibu ya dini aliyosomeshwa. Kwenye karatasi, basi, hapana aliyeonewa.

Taabu ni mwalimu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Waislamu ni kama asilimia 11 ya Wakenya, na wengi wao wako Pwani na Kaskazini Mashariki. Katika vitongoji vya magharibi ya Nairobi, mtoto wa Kiislamu aghalabu hujikuta na wenziwe wawili watatu tu katika darasa zima. Mwalimu amesomea kufundisha dini ya Kikristo, na saa ya dini ikifika hufundisha anachokijua. Hao watatu wafanywe nini? Mzazi mmoja wa Kawangware alinieleza kwamba mwanawe huambiwa atoke nje akangoje chini ya mti. Mwingine wa Kangemi asema wake husoma pamoja na wenziwe, na hupata alama nzuri kweli kweli, lakini za dini ya jirani.

Simlaumu mwalimu. Nimesoma chuoni utotoni, ubao mapajani, na najua kwamba kufundisha dini si kusoma kitabu kwa sauti. Asiyejua kutamka herufi za Kiarabu hawezi kumsahihisha mtoto Alhamdu, kama vile mimi nisivyoweza kumweleza mtoto wa Kikristo maana ya Ekaristi mzazi wake akaridhika.

Wako watakaosema: huyo mtoto ana madrasa Jumamosi, shuleni ataka nini tena? Jawabu ni kwamba chuo na shule havifanyi kazi moja. Chuoni mtoto hufundwa kusoma Kurani na kusali. Shuleni dini ni somo. Tume ya Profesa Ominde ya mwaka 1964 ilitaka lifundishwe kwa misingi ya elimu kama masomo mengine. Mtoto akinyimwa saa hiyo amenyimwa somo, kama angalinyimwa hesabu. Na lipo la pili, kubwa zaidi: kumtoa nje ni kumfunza kwamba dini yake haina nafasi katika nyumba ya serikali, na wenziwe waliobaki ndani wafunzwa lilo hilo.

Sheria haina fumbo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yawapa wafadhili wa shule kazi ya kukuza mambo ya kiroho, lakini kwa sharti la kulinda dini za wengine.

Tufanyeje basi? Serikali haiwezi kuajiri mwalimu kwa ajili ya watoto watatu, nami siombi hivyo. Lakini shule nne tano zilizo jirani zikipanga saa ya dini siku mbalimbali, mwalimu mmoja aliyefuzu aweza kuzizungukia zote. Madrasa zetu nazo zina vijana wenye elimu. Tuwapeleke vyuo vya ualimu, ili mlango ukifunguliwa pawe na wa kuingia. Hili ni letu Waislamu, tusimngoje Waziri.

Wala haki hii isiwe ya Waislamu peke yao. Huko Lamu au Mandera, mtoto wa Kikristo aliye mmoja darasani aweza kupatwa na shida iyo hiyo, na hapo wenye darasa ni sisi. Tukitaka mwana wetu atendewe wema Kangemi, tumtendee wema mwana wa mwenzetu kwetu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.