Barua ya wazi kwa Mwenyekiti aliyeirudisha chanjo getini

Kwa Mwenyekiti wa Klabu,

YAH: WACHEZAJI, CHANJO YA UVIKO-19 NA KIFO CHA MTUNZA VIFAA

Kwa heshima inayostahili ofisi yake, Mwenyekiti anaandikiwa hadharani kwa sababu barua zilizotangulia zilipokewa na katibu wake, zikagongwa muhuri, na hazikujibiwa. Jina la klabu halitatajwa hapa. Mwenyekiti anajifahamu, wachezaji wake wanajifahamu, na muuguzi aliyerudishwa getini na kasha lake la chanjo bado anafanya kazi katika kituo kilekile cha afya, mwendo mfupi kutoka kambini.

Mwandishi wa barua hii ni mdogo wake marehemu mtunza vifaa. Mwenyekiti anamfahamu, walipeana mikono makaburini.

Yaliyotokea siku ile ya Oktoba 2021 hayana haja ya kusimuliwa yote, maana Mwenyekiti alikuwepo. Timu ilikuwa na mechi Jumamosi. Wachezaji walikuwa wamekaa chini ya mti, simu mkononi, wakionyeshana video za watu wanaodai chanjo inamaliza pumzi na nguvu za kiume. Mshambuliaji mmoja alisema yeye hachanjwi, nahodha akamuunga mkono, na uongozi ukaona heri yaishe. Ikaamuliwa kwamba hakuna mtu atakayechanjwa kambini mpaka msimu uishe. Hapo ndipo penye kosa. Waliokataa walikuwa wachezaji, lakini lango lilifungwa kwa kila mtu: mpishi, dereva wa basi, mchua misuli, na mtunza vifaa mwenye miaka 54 na kisukari.

Serikali ilipopokea dozi zaidi ya milioni moja za Janssen mwezi Julai mwaka huo, waliotajwa wa kwanza kuchanjwa walikuwa watumishi wa afya, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Kaka huyo alistahili mara mbili, kwa umri na kwa maradhi. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Julai 28 mbele ya kamera, Ikulu, Dar es Salaam, akiwa na miaka 61, ili watu wa rika hilo waondoe hofu. Kambini kwa Mwenyekiti, mfano uliofuatwa ulikuwa wa kijana wa miaka 23 mwenye simu.

Msibani, Mwenyekiti aliwaambia wafiwa kwamba hakuna aliyemzuia marehemu kwenda kituoni mwenyewe. Ni kweli, hakuna aliyemfunga kamba. Lakini alipoulizwa nyumbani kwa nini haendi, alijibu hivi: "Hawa wenye mapafu ya kukimbia dakika tisini wanaikataa, mimi mzee wa mabegi nijifanye najua kuliko wao?" Alikuwa amewafulia vijana hao jezi kwa miaka mingi na aliwaamini. Desemba timu iliporudi kutoka mechi ya ugenini, wachezaji kadhaa walikuwa wanakohoa. Walipumzishwa, wakanywa dawa, wakarudi mazoezini. Mtunza vifaa alilazwa, akawekewa oksijeni, na hakurudi.

Hakuna anayeweza kuthibitisha nani alimwambukiza nani ndani ya basi lile, na barua hii haimtuhumu mchezaji yeyote. Inasema jambo moja: wote waliokohoa walipona, na aliyekufa ni mtunza vifaa.

Mjadala wa wachezaji na chanjo, hapa na Ulaya, umekuwa mjadala wa mwili wa mchezaji peke yake. Ni kijana, ana afya, ana haki juu ya mwili wake, kwa hiyo aachwe aamue. Joshua Kimmich wa Bayern Munich alisema hivyo Oktoba 2021: hajachanjwa kwa sababu ana wasiwasi kuhusu madhara ya muda mrefu. Huyo ndiye aliyeanzisha na mwenzake Leon Goretzka mfuko wa kuchangia mapambano dhidi ya korona Machi 2020. Novemba akawekwa karantini, kisha akakutwa na virusi, na baada ya kupona bado mapafu yake yalikuwa na athari zilizomzuia kucheza hadi mwaka mpya. Desemba alisema hadharani kwamba angefanya vyema kuchanjwa mapema. Mchezaji wa miaka 26, mwenye madaktari bora Ujerumani nzima, alikosa mechi kwa sababu ya mapafu. Kina mshambuliaji wa Mwenyekiti, wanaoogopa kupoteza pumzi, waelezwe kisa hicho na daktari wa timu.

Uingereza nako, Ligi Kuu ilitangaza Desemba 2021 kwamba asilimia 84 ya wachezaji wamepata angalau dozi moja. Katika ligi za madaraja ya chini, robo ya wachezaji walisema hawana mpango wa kuchanjwa. Mechi zikaahirishwa moja baada ya nyingine msimu wa Krismasi. Jürgen Klopp, aliyekuwa kocha wa Liverpool wakati huo, alikuwa ameshasema miezi michache kabla: kukataa chanjo ni kama kuendesha gari huku umelewa, kwani sheria ile haikuwekwa kumlinda dereva peke yake. Katika yote yaliyosemwa na makocha, hilo ndilo lililogusa kiini, kwa sababu lilimkumbuka mtu aliye nje ya gari.

Haki ya mchezaji juu ya mwili wake ipo, na mwandishi haombi mtu akamatwe mkono achomwe sindano. Wasiwasi wake nao una sehemu ya ukweli. Chanjo za Pfizer na Moderna zimehusishwa, kwa nadra, na kuvimba kwa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume. Virusi vyenyewe pia husababisha uvimbe huo. Chanjo haizuii kila ambukizo, na kirusi cha Omicron kimewapata hata waliochanjwa. Alphonso Davies, naye wa Bayern, alikuwa amechanjwa, akaugua Januari 2022, na madaktari wakagundua uvimbe mdogo wa misuli ya moyo. Mambo haya yote yanazungumzika, na kwa kila timu yuko daktari ambaye kazi yake ni kuyazungumza. Yasiyozungumzika ni video za chini ya mti. Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen Juni 12, 2021, mitandao ilisema ni chanjo, na mkurugenzi wa klabu yake ya Inter wakati huo, Giuseppe Marotta, akalazimika kueleza kwamba mchezaji huyo hakuwa amechanjwa kabisa. Picha ya Eriksen ilikuwa miongoni mwa zilizoonyeshwa kambini siku ile.

Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba chanjo hupunguza sana ugonjwa mkali na vifo. Kijana wa miaka 23 huenda ikamwepusha na wiki ya homa. Mtu wa miaka 54 mwenye kisukari ingeweza kumwepusha na oksijeni. Ndiyo maana uamuzi wa kijana hauwezi kuwa uamuzi wa kambi nzima, na ndiyo maana kijana ambaye kambi nzima inamtazama ana sababu ya kuchanjwa inayozidi afya yake mwenyewe. Angekunja mkono wa jezi siku ile, mzee wa mabegi angekuwa wa pili kwenye foleni.

Hofu hii ya sindano, isitoshe, ni mpya kwa wanasoka. Mchezaji wa Tanzania anayekwenda kucheza Lubumbashi au Luanda hubeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndani ya pasipoti. Meneja wa timu huzikusanya kadi hizo uwanja wa ndege pamoja na tiketi, na asiye nayo hasafiri. Hakuna nahodha aliyewahi kuigomea kwa kisingizio cha pumzi. Shirika la dunia linalopambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, nalo limeshaeleza kwamba halioni sababu ya chanjo za korona kumtia mchezaji hatiani. Kwa hiyo kilichopungua kambini ni kiongozi wa kusema neno.

Mwenyekiti aliwahi kusema korona haina athari kwenye soka letu. Klabu ya Namungo ya Ruangwa ilikwenda Luanda Februari 2021 kucheza na Primeiro de Agosto katika Kombe la Shirikisho, baadhi ya msafara wakakutwa na virusi, timu nzima ikazuiwa, mechi haikuchezwa. Ilibidi shirikisho la soka la Afrika, CAF, liamue mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Wakati ule nchi haikuwa na chanjo hata moja, kwa hiyo hakuna wa kuwalaumu wana Ruangwa. Mwenyekiti aliletewa chanjo mlangoni.

Kisha wako ndugu zetu wa Komoro. Januari 24, 2022, katika Uwanja wa Olembe jijini Yaoundé, waliingia kucheza na wenyeji Kamerun kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika bila golikipa. Salim Ben Boina alikuwa majeruhi, na wenzake wawili walikuwa wamekutwa na virusi, pamoja na kocha Amir Abdou na wengine; watu 12 kwa jumla. Beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, alivaa glavu na jezi ya golikipa yenye namba 3 iliyoundwa kwa utepe mgongoni. Walipata kadi nyekundu dakika za mwanzo kabisa, wakafungwa 2-1, na Afrika nzima ikampigia makofi Alhadhur, kwa haki kabisa.

Mwandishi aliitazama mechi hiyo sebuleni kwa marehemu, pamoja na watoto wake. Macho yao yalikwenda kwenye utepe. Kubandika namba kwa utepe dakika za mwisho, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ni kazi ya mtunza vifaa. Kaka huyo alifanya hivyo mara nyingi. Alikuwa wa kwanza kuingia chumbani, akapanga bukta, soksi na njumu kwa namba, na wa mwisho kutoka, akiokota kwa mikono jezi zinazotiririka jasho na chupa za maji zilizonyweka nusu. Virusi hivi husafiri zaidi kwa hewa, na hakuna aliyevuta hewa ya chumba kile kwa muda mrefu kuliko yeye. Kwenye basi alikaa kiti cha nyuma kabisa pembeni ya mabegi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, safari ya usiku kucha. Mchezaji anaweza kusema mwili ni wake. Hewa ya basi si yake.

Klabu ilitoa rambirambi na wachezaji walivaa vitambaa vyeusi mechi iliyofuata. Familia inashukuru. Lakini gharama za oksijeni zililipwa na ndugu, kwa sababu marehemu hakuwa na bima wala mkataba wa maandishi. Alilipwa posho, tena kwa kuchelewa. Mtoto wake wa kati amerudishwa nyumbani kwa ada.

Na hapa barua inawageukia viongozi wengine wa ligi pia, kwa kuwa jambo hili haliko kwenye klabu moja. Viongozi wa soka wanajua bei ya mshambuliaji kwa shilingi na kwa dola, wanajua goti lake lina ufa wapi, na wanaajiri watu wa kumlinda. Wamuulize katibu yeyote mtunza vifaa wake ana miaka mingapi, ana maradhi gani, amechanjwa au la. Kwa watu hawa soka letu halina faili. Wanafua, wanapika, wanaendesha usiku, na wakifa wanatangazwa kwa kipaza sauti kabla ya mpira kuanza.

Mwenyekiti anaombwa, na safari hii anaombwa kwa kudaiwa, afute uamuzi wa Oktoba kwa maandishi. Muuguzi arudishwe kambini, awekewe meza mahali panapoonekana. Daktari wa timu akae na wachezaji, ajibu kila swali, la moyo na la nguvu za kiume, kisha benchi la ufundi na nahodha wachanjwe kwanza mbele ya wote. Mchezaji atakayekataa apimwe kabla ya kila safari kwa gharama ya klabu, na akikutwa na virusi asipande basi. Watumishi wote wa timu waandikiwe mikataba na wakatiwe bima ya afya. Madai ya posho za marehemu yako mezani kwa katibu; yalipwe.

Mtunza vifaa mpya ameshaanza kazi. Amevuka miaka 50, na yeye mwenyewe amemwambia mwandishi kwamba hajachanjwa, anasubiri aone wachezaji watafanya nini. Timu inasafiri Alhamisi alfajiri. Kituo cha afya kinachanja Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi.

Mdogo wa marehemu,
kwa niaba ya mjane na watoto.

Nakala: Daktari wa timu, Nahodha, Mtunza vifaa.