Ule Si Mtaro

Ndugu zangu wa Waithaka, nanyi majirani zetu wa Riruta, Mutuini na Kawangware, jambo hili nimelinyamazia muda mrefu nikitaraji kuwa wenye hekima kunipita watalisema. Lakini kwa kuwa kila mtu amefumba kinywa, na mficha maradhi kifo humuumbua, leo nalitoa hadharani. Tumekuwa watu tusioyajua makazi yetu. Kijana mwenye siha tele, ambaye Mwenyezi Mungu hakumnyima kiungo hata kimoja, akitumwa dukani mwendo wa dakika kumi huita bodaboda. Na akilazimika kutembea, macho yake huwa katika simu, kana kwamba ardhi aikanyagayo ni haramu kutazamwa.

Juzi nilifuatana na mmoja wao tukiteremka bondeni upande wa Kawangware. Nilipomwuliza jina la maji yapitayo chini ya daraja, alinijibu kwa adabu zote, "Huo ni mtaro tu, mzee." Maneno hayo yalinichoma moyo. Ewe mwanangu, huo ndio Mto Nairobi, ulioupa mji huu jina lake kwa maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi! Hutoka katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita pande zetu hizi, ukaingia jijini, ukakutana na Athi, kisha ukaitwa Galana, na mwisho Sabaki, hata ukamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Maji unayoyaita mtaro huenda safari ambayo wewe hujaithubutu.

Wahenga walisema, tembea uone. Wakasema tena, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Na Wakikuyu, wenyeji wa vilima hivi, husema kwamba mtoto asiyetembea hudhani mamake peke yake ndiye ajuaye kupika. Fasihi yetu yenyewe imeokotwa njiani. Sleman bin Mwenye Chande aliyasimulia aliyoyaona katika safari yake ya bara, na Selim bin Abakari ya Urusi na Siberia, na habari zao zikapigwa chapa mwaka 1901, sisi tukazirithi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate, mahali palipokuwa na majumba ya fahari, akapata ibra iliyozaa utenzi wa Al-Inkishafi. Na Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake The River Between ya mwaka 1965, alivisimamisha vilima viwili, Kameno na Makuyu, na mto Honia kati yao, akatufunza jinsi watu wa asili moja wanavyofarakana. Je, vilima na mito si ndiyo tuliyo nayo hapa? Aliyekosekana ni mwenye kutazama.

Au mtasema hapa hapana historia? Hapa Dagoretti ndipo Lugard, afisa wa Kiingereza, alipojenga ngome mwaka 1890, akipatana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Na haukupita muda Waiyaki alikamatwa, akapelekwa chini ya ulinzi kuelekea pwani, akafia njiani huko Kibwezi mwaka 1892. Leo maelfu hupita kwa magari katika barabara yenye jina lake, wala hawaulizi alikuwa nani.

Siwalaumu wale wanaotoka alfajiri, kabla ya jogoo kunyamaza, wakatembea mpaka kazini kwa kukosa nauli. Hao ni mashujaa, na akina mama waendao sokoni na mizigo ya mboga ni taji la Waithaka. Bidii yao yatosha kuutia haya mji mzima. Nawasema wenye uwezo na nafasi, ambao uvivu wameuita maendeleo.

Na kwa kuwa nimeutaja mto, siwezi kupita pasipo kuwasema wale wautupiao taka usiku, na wenzao walioziba kwa kuta za mawe vijia vya kale vya kuteremkia mtoni, ili shamba la mtu lipate kuongezeka hatua tatu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa: leo umemzibia jirani njia, kesho mwanao atakosa pa kupita. Mto ukigeuzwa jalala, si ajabu kijana akauita mtaro. Kosa ni letu sisi wazee tuliomwachia aurithi ukiwa hivyo.

Basi, ewe mzazi, siku ya mapumziko mshike mwanao mkono, iache simu nyumbani, mteremke pamoja mpaka mtoni. Mwonyeshe vilima vya Ngong upande wa kusini-magharibi, mwambie nani waliishi hapa kabla yenu, na kila bonde ulijualo mtajie jina lake. Usilolijua, waulize wazee wangali hai. Na mkifika darajani, umwambie wazi, naye akawaambie wenzake: huu ni Mto Nairobi, na sisi ndio walinzi wake.