MSULUHISHI ASIWE KIBARAKA WA MWENYE NYUMBA

Ukipita vichochoro vya Manzese, Tandale au Buguruni utaikuta nyumba ile ile: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kila chumba kina watu wake. Mita ya umeme moja, bomba moja, choo kimoja. Hapo ugomvi hautafutwi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mpangaji ni kibarua wa kulipwa kwa siku. Fedha ikikosekana, kufuli linatiwa mlangoni na kitanda kinalala nje mvuani.

Basi mtu huyu akimbilie kwa nani?

Wa kwanza kujitokeza ni dalali, naye hujiita mpatanishi. Sisi twasema wazi kwamba dalali si mpatanishi. Riziki yake ni ujira anaolipwa kila chumba kinapopata mtu mpya, basi mpangaji akifukuzwa leo, kesho yeye amekula. Ni nani aliyepata kumwomba fisi agawe nyama?

Wa pili ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Huyu anafaa sana, kwa sababu anawajua wote wawili, na mambo mengi huishia barazani kwake kwa kikombe cha chai. Lakini yeye si hakimu. Hana amri ya kumtoa mtu chumbani, wala mhuri wake si hukumu. Akisimama kuangalia vyombo vya mwananchi vikitupwa nje, amekuwa tarishi wa mwenye nyumba. Na wenyeviti wengine wenyewe wanapangisha vyumba! Hao wajitoe katika mashauri ya namna hii.

Wa tatu ni Baraza la Kata, na hapa ndipo watu wengi wamepitwa na habari. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, baraza hili halihukumu tena. Kazi yake ni kusuluhisha tu. Wakili haruhusiwi kusimama humo, kwa hiyo mwenye fedha na asiye na fedha wanasema kwa vinywa vyao. Suluhu ikishindikana, baraza hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na zikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda mbele hata bila hati. Huko mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, penye mwenyekiti aliyesomea sheria. Huyo ndiye mwenye kuamua, na asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu.

Nasi hatusemi kila mpangaji ni malaika. Yuko mama mjane mwenye nyumba moja tu, ambaye kodi ya vyumba viwili ndiyo unga wake, na mpangaji amekaa mwaka bila kulipa, akimtukana juu yake. Mama huyo naye ana haki ya kusikilizwa upesi. Ila Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mpangaji anayelipa na kushika masharti aachwe akae kwa amani. Kung'oa mlango au kuezua bati si njia ya kudai kodi.

Zamani tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi, pamoja na mabaraza yake ya nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni neno la mwenye chumba, na kwa hiyo mzigo wa msuluhishi umezidi. Wajumbe wa Baraza la Kata si watumishi wa mshahara, na mtu mwenye njaa ni rahisi kununuliwa na mwenye majumba. Halmashauri zinazokusanya kodi ya kila kibanda cha sokoni haziwezi kutuambia kwamba zimekosa posho ya watu hawa.

Waheshimiwa madiwani, tunawauliza: katika kata yako baraza linakaa siku gani, chini ya paa gani, na je, mpangaji wa Tandale aliyefungiwa mlango usiku wa jana anapajua?