Manoa aliuliza, sisi je?

Leo tufungue Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13. Malaika wa Bwana anamtokea mke wa Manoa, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto, na kumpa habari kwamba atachukua mimba. Papo hapo anampa maagizo ya mlo: asinywe divai wala kileo, asile kitu najisi. Malezi ya Samsoni yalianzia kwenye sahani ya mama yake.

Manoa alipopata habari hakusema, “Hayo ni mambo ya wanawake.” Alimwomba Mungu amtume tena yule mjumbe, awafundishe wote wawili.

Sisi tunafanyaje? Mjamzito anaambiwa asile mayai, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Nyama anawekewa baba, mama anabaki na mchuzi. Wengi hunywa chai pamoja na chakula bila kujua kwamba chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage na mchicha. Afadhali isubiri saa moja hivi, na mlo usindikizwe na chungwa. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki navyo vinaishia kabatini, kisa kichefuchefu.

Liko jambo jingine. Asidi ya foliki husaidia kumkinga mtoto na tatizo la mgongo wazi, lakini sehemu hiyo ya mwili wake hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Kliniki ya kwanza huwa imechelewa kwa hilo.

Kwa hiyo somo hili lianze kwenye mafundisho ya ndoa. Wachumba tunawafundisha uaminifu na msamaha. Tumwalike na mhudumu wa afya awafundishe mlo, bwana harusi akiwapo. Maana mama anaweza kujua yote, lakini kama hela ya sokoni iko mfukoni mwa mumewe, elimu hiyo haitafika chunguni. Dagaa, maharage na mboga za majani havihitaji utajiri, vinahitaji baba anayejua kwa nini vinunuliwe.

Baba, leo baada ya ibada muulize mkeo swali la Manoa: mtoto wetu tumfanyie nini? Kisha pitia sokoni.

Jumapili njema.