Mtoto Kati ya Pemba na Murongo: Hadhana Inapovuka Bahari na Mpaka

Likizo ya Desemba ni msimu wa safari kwa watoto ambao wazazi wao wameachana. Anayelelewa na mama hupelekwa kwa baba akamwone, na anayekaa kwa baba huletwa kwa mama. Januari shule zinafunguliwa, na hapo ndipo simu zinapoanza: mtoto harudishwi.

Tuchukue mfano, usio kisa cha mtu yeyote. Mume na mke wanaishi Wete na wana mtoto wa miaka sita. Talaka inatokea. Baba anahamia bara, kama walivyofanya Wapemba wengi waliofungua maduka katika miji ya huko, naye anafikia Murongo, wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Murongo iko ukingoni mwa mto Kagera, na ukivuka daraja uko Kikagati, nchini Uganda. Kutoka Wete ni bahari kwanza, kisha zaidi ya kilomita 1,300 za barabara. Mtoto anakwenda likizo, baba anamwandikisha shule huko huko. "Ni damu yangu," anasema. Mama anajibu: "Hajafika miaka saba, ni wangu."

Kila mmoja anadhani dini iko upande wake. Tuangalie.

Sheria ya dini inavyosema

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya hadhana mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, ambao kwa kawaida ni miaka saba. Msingi wake ni hadithi aliyoipokea Abu Daud, ambapo Mtume (s.a.w.) alimwambia mama aliyeachwa kwamba yeye ana haki zaidi ya mtoto wake maadamu hajaolewa. Akiolewa na mtu wa mbali na mtoto, haki hiyo haimrukii baba moja kwa moja. Inaanza kwa bibi mzaa mama. Hili watu wengi hawalijui.

Lingine linalosemwa sana barazani ni kuwa "akitimiza saba ni wa baba". Kwa Shafi sivyo. Akitimiza saba, mtoto anachaguzwa baina ya wazazi wawili, na anayemchagua ndiye anayekaa naye. Kauli ya kwamba mtoto wa kiume huhamia kwa baba katika umri huo ni ya Hanafi.

Lakini mama naye asifurahi mapema. Imam Nawawi katika Minhaj anatofautisha safari mbili. Mzazi akisafiri kwa haja, kama biashara, kisha atarudi, mtoto hubaki na yule aliyepo mjini. Akihama moja kwa moja, baba ndiye anayetangulizwa, kwa sharti kwamba njia iwe salama na mji anaokwenda uwe salama. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kadhi katika mfano wetu ni hili: baba amehamia Murongo, au amekwenda kutafuta riziki na nyumba yake bado iko Wete?

Na hata kuhama hakutoshi peke yake. Ibnul Qayyim, mwanachuoni wa Kihanbali, ameeleza kuwa kinachotazamwa ni maslahi ya mtoto, na baba anayehama kwa hila ili amvue mama haki yake hakubaliwi. Huyo Nawawi mwenyewe ameandika kwamba mtoto wa kiume akimchagua baba, baba hana ruhusa ya kumzuia asimzuru mama yake. Akiwa wa kike, mama hazuiwi kwenda kumwona. Mtoto akiugua, mama ndiye anayestahiki zaidi kumuuguza. Mtoto aliye Murongo na mama aliye Wete watatekelezaje haya? Umbali wenyewe unafuta haki ambazo sheria imezithibitisha.

Mahakama tatu, mtoto mmoja

Zanzibar, mashauri ya hadhana na matumizi ya mtoto wa Kiislamu huenda kwa kadhi, chini ya Sheria ya Mahakama ya Kadhi Nambari 9 ya 2017. Hukumu yake ina nguvu ya dola.

Tanzania Bara hali ni nyingine. Kadhi wa BAKWATA hana mamlaka ya kulazimisha, na mabaraza yake ya ndoa ni ya usuluhishi. Hukumu inatoka mahakama ya serikali, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sheria ya 1971 inasema maslahi ya mtoto yanatangulia, na inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba ni bora awe na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Pia inaitaka mahakama iangalie ubaya wa kumhamisha-hamisha mtoto, na izingatie desturi za jamii ya wazazi. Kagera, kama kwingi bara, desturi humhesabu mtoto kuwa wa ukoo wa baba. Desturi hiyo husikilizwa, ila haishindi maslahi ya mtoto. Sheria ya 2009 nayo inampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, isipokuwa ikivuruga masomo yake.

Halafu kuna daraja. Mtoto akivushwa kwenda Kikagati, kadhi wa Pemba na hakimu wa Kyerwa wote wawili wako nje ya nchi. Tanzania na Uganda zimeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao kifungu chake cha 19 kinampa mtoto haki ya kuonana mara kwa mara na mzazi aliyetengana naye. Lakini haki iliyoandikwa haimrudishi mtoto nyumbani wiki hii. Mama ataanza shauri jipya katika nchi ngeni.

Lifanyike kabla ya safari

Kwa hiyo jambo hili linaamuliwa kabla mtoto hajapanda boti. Wazazi waandikiane mbele ya mashahidi wa pande zote mbili: mtoto anaondoka lini, anarudi lini, nani analipa nauli, anasoma wapi, simu ya mzazi wa pili inapigwa siku gani, na kwamba havushwi mpaka bila idhini ya wote wawili. Kisha makubaliano hayo yapelekwe kwa kadhi yawe amri. Karatasi ya nyumbani ni ushahidi tu. Amri ya mahakama ndiyo inayokupa pa kuanzia ukifika bara.

La pili, matumizi na ziara visifanywe silaha. Suratul Baqara, aya ya 233, inamwekea baba wajibu wa matumizi na kukataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Baba hasitishi matumizi kwa kuwa hakuonyeshwa mtoto, na mama hamfichi mtoto kwa kuwa pesa haikuja. Kila deni lidaiwe kwa njia yake.

La tatu ni kwa wazee wetu. Bibi na babu ndio wanaopokea mtoto, na mara nyingi ndio wanaosema "mwache akae tu". Neno hilo linasemwa kwa mapenzi, lakini ndilo linalogeuza likizo kuwa kesi ya miaka.

Talaka imevunja ndoa. Mtoto bado ana mama na baba, na hadhana imewekwa kwa ajili yake kabla ya kuwekwa kwa ajili yao.

Wallahu a'lam.